Kwa nini hawakusubiri bei zirudi? Jibu kwa mwalimu aliyeitazama Margin Call

*"Habari za kazi, mtaalamu. Kijana wangu aliniwekea filamu ya Kimarekani iitwayo Margin Call. Nimeitazama mara mbili na bado nina maswali. Kijana mmoja kwenye benki anagundua kitu usiku kwenye kompyuta, na kesho yake wanauza kila kitu kwa hasara. Kwanza, aligundua nini hasa? Pili, zile ni nyumba za watu, na nyumba hazikuungua. Kwa nini wasingesubiri bei zirudi? Tatu, waliuza kitu wakijua kimeoza, na sijasikia aliyefungwa; si wizi huo? Nauliza kwa sababu mimi ni mwalimu mstaafu. Sehemu ya kiinua mgongo changu iko benki, nyingine iko kwenye vipande vya mfuko wa uwekezaji wa pamoja. Isitoshe, kijana huyohuyo anafanya forex kwenye simu, na juzi nimeona ujumbe wenye maneno yaleyale ya jina la filamu. Je, nitoe pesa zangu?"*

Mwalimu, shikamoo. Nianze na swali lako la mwisho, maana naona ndilo linalokunyima usingizi. Usikimbilie kutoa pesa. Fedha yako ya benki na vipande vyako haviko katika hali ya kampuni ile ya kwenye filamu, na nitakueleza kwa nini. Kinachofanana na filamu ni ile simu ya kijana wako, na hilo ndilo la kushughulikia wiki hii.

Watu wengi wakimaliza filamu hii husema imehusu mikopo mibovu ya nyumba, au tamaa ya mabenki. Vyote vimo, lakini havitoshi kueleza kwa nini kampuni kubwa ife ndani ya siku moja. Mikopo mibovu huua polepole. Kinachoua kwa usiku mmoja ni fedha ya kuazima inayodaiwa kesho asubuhi. Ukilishika hilo, maswali yako yote matatu yatafunguka.

Kampuni ile haina jina kwenye filamu, ila mambo yanatokea New York mwaka 2008, ndani ya muda usiozidi siku moja na nusu. Ni benki ya uwekezaji. Benki ya namna hiyo haipokei amana za watu kama wewe. Inanunua maelfu ya mikopo ya nyumba kutoka kwa wakopeshaji, inaifunga pamoja, halafu inauza hatifungani, yaani hati za deni, zinazolipwa kutokana na marejesho ya wenye nyumba kila mwezi. Hatifungani hizo zimepangwa kwa madaraja. Fikiria jengo la ghorofa wakati wa mafuriko: maji yakiingia, wa chini ndio wanaolowa kwanza. Wadaiwa wakishindwa kulipa, daraja la chini ndilo linalobeba hasara ya mwanzo, na ndiyo maana linalipwa riba kubwa. La juu kabisa lilipewa alama ya AAA, yaani lilihesabiwa kuwa salama karibu sawa na deni la serikali ya Marekani.

Ufundi haukuishia hapo. Walichukua madaraja ya chini na ya kati kutoka mafungu mengi, wakayafunga upya, na sehemu kubwa ya fungu hilo jipya nayo ikapewa AAA. Hoja yao ilikuwa kwamba bei za nyumba za Florida, Nevada na California haziwezi kuanguka zote kwa pamoja. Zikaanguka pamoja. Bei za nyumba Marekani zilifika kilele mwaka 2006, na hadi mwanzoni mwa 2012 zilikuwa zimepungua kwa zaidi ya robo kitaifa.

Sasa, kijana yule aligundua nini? Kuna sehemu moja kwenye mazungumzo ya usiku inayopita haraka sana, nayo ndiyo kiini cha filamu. Anaeleza kwamba kuunda kila fungu kunachukua karibu mwezi mzima. Kwa mwezi huo, mzigo uko ghalani mwa kampuni yenyewe, bado haujapata mnunuzi. Na kwa kuwa kila mtu aliamini kwamba "hii ni mikopo ya nyumba tu", kampuni iliruhusiwa kuazima fedha nyingi zaidi kuushikilia mzigo huo kuliko ambavyo ingeruhusiwa kwa mali nyingine.

Ofisi ya vihatarishi ina kipimo chake cha kila siku. Kipimo hicho huangalia bei zilivyopanda na kushuka siku zilizopita, kisha husema kitu kama hiki: katika siku 100, siku 99 hasara yetu haitazidi kiasi fulani. Kipimo hicho kina kasoro mbili, na zote zinaonekana kwenye filamu. Ya kwanza, hakisemi lolote kuhusu ukubwa wa hasara ya ile siku ya 100. Ya pili, kinajengwa kwa historia, na historia waliyoitumia ilikuwa ya miaka ambayo nyumba zilikuwa zikipanda tu. Kijana anamalizia hesabu aliyoachiwa na bosi wake aliyefukuzwa kazi mchana, na anakuta mambo mawili. Kwanza, mtikisiko wa bei umeshavuka mipaka ya kipimo, na umeivuka si mara moja tu katika siku za karibuni. Pili, mali zile zikishuka kwa asilimia 25 tu zikiwa bado mikononi mwao, hasara itazidi thamani ya kampuni yote.

Angalia vizuri, Mwalimu: hajagundua kwamba nyumba ni mbovu. Amegundua kwamba kampuni ni nyembamba mno kuubeba mzigo ilioubeba.

Tuihesabu. Tuseme nina mtaji wa shilingi 1,000,000, nikaazima 29,000,000, nikanunua mali ya 30,000,000. Mali hiyo ikishuka asilimia 3.3 tu, mtaji wangu wote umeisha, na kila senti inayoshuka baada ya hapo ni ya walionikopesha. Hesabu hii sijaitunga ili kukutisha. Mwishoni mwa mwaka wake wa fedha wa 2007, benki ya uwekezaji ya Marekani iitwayo Lehman Brothers ilikuwa na mali za takriban dola 30 kwa kila dola 1 ya mtaji. Ilipoomba kulindwa kama mufilisi tarehe 15 Septemba 2008, iliorodhesha mali za dola bilioni 639. Ukubwa haukuisaidia kitu.

Hapo ndipo tunafika kwenye swali lako la pili, ambalo kwangu ndilo bora kuliko yote: kwa nini wasisubiri? Filamu haikulijibu wazi, na nadhani hilo ndilo pengo lake kubwa. Mtu muhimu kuliko wote katika mgogoro ule haonekani hata mara moja kwenye filamu, naye ni mkopeshaji wa usiku mmoja.

Zile 29,000,000 nilizoazima si mkopo wa miaka kumi. Kampuni hizi ziliazima kwa mtindo huu: jioni unampa mkopeshaji hatifungani zako, anakupa fedha taslimu, na mnaandikiana kwamba kesho utazinunua tena kwa bei iliyozidi kidogo. Hiyo nyongeza ndiyo riba yake. Kesho ikifika, mnaandikiana tena. Mambo yakiwa shwari, hatifungani za 100 unapewa 98. Siku mkopeshaji akiogopa, anasema leo kwa hatifungani zilezile nitakupa 80, leta 18 kufikia asubuhi. Huo ndio wito wa kuongeza dhamana ambao filamu imechukua jina lake. Akiogopa zaidi, hakupi kitu kabisa.

Huna hiyo 18, kwa sababu mtaji wako wote ni kama 3 kwa kila 100 ya mali. Kwa hiyo unauza. Ukiuza mzigo mkubwa kwa haraka, bei inashuka. Bei ikishuka, hatifungani zilizobaki mkononi zinathaminiwa upya kwa bei hiyo mpya, na wito mwingine unakuja. Jirani yako mwenye mzigo kama wako naye anathaminiwa kwa bei uliyouzia wewe, anapata wito wake, naye anauza. Ndiyo maana bosi mkuu wa kampuni ile, aliyetua kwa helikopta usiku wa manane, anang'ang'ania kuuza asubuhi hiyohiyo na si wiki ijayo. Katika mteremko wa namna hii, wa kwanza kuuza ndiye pekee anayepata bei inayofanana na ya jana.

Mfano halisi ni Bear Stearns, benki nyingine ya uwekezaji ya New York. Jumatatu ya tarehe 10 Machi 2008 ilikuwa na ukwasi, yaani fedha iliyo tayari kutumika, wa takriban dola bilioni 18. Wakopeshaji wakaacha kuandikiana nayo upya, wateja wakahamisha fedha, na kufikia Alhamisi usiku ilikuwa wazi kwamba haitaweza kufungua Ijumaa bila msaada. Hisa iliyokuwa imevuka dola 170 Januari 2007 ilikubaliwa kuuzwa kwa benki kubwa ya JPMorgan kwa dola 2, baadaye ikapandishwa hadi 10.

Na sasa sikiliza hili, maana linathibitisha kwamba hisia yako ya kusubiri haikuwa ya kijinga. JPMorgan haikuutaka mzigo mmoja wa Bear Stearns wa takriban dola bilioni 30, mwingi ukiwa wa mambo ya nyumba. Benki Kuu ya Marekani, kupitia tawi lake la New York, ikaweka karibu dola bilioni 29 katika kampuni maalumu iliyoubeba mzigo huo. Ikasubiri. Mwaka 2012 mkopo ule ulikuwa umelipwa wote pamoja na riba, na baadaye ikabaki faida. Mali zilikuwa zilezile. Tofauti ni kwamba Benki Kuu hakuna wa kuipigia simu saa kumi na mbili asubuhi kuidai fedha yake. Anayeweza kusubiri ni yule asiyedaiwa kesho.

Hata hivyo usiichukue filamu kama kumbukumbu ya mambo yalivyokwenda. J.C. Chandor, aliyeiandika na kuiongoza, ni mtoto wa mtu aliyefanya kazi benki ya uwekezaji ya Merrill Lynch kwa miaka mingi, na lugha ya ofisini ameipatia vizuri sana. Lakini kuumaliza mzigo wa aina ile kwa siku moja, tena mwaka 2008, ni jambo gumu mno kuamini. Hatifungani zile haziuzwi kama hisa kwenye soko la wazi. Kila moja inatafutiwa mnunuzi kwa simu. Goldman Sachs, benki nyingine ya Wall Street, iliamua kupunguza mzigo wake Desemba 2006, na kazi hiyo ikaendelea miezi mingi ya 2007. Tarehe 9 Agosti 2007 BNP Paribas ya Ufaransa ilifunga milango ya mifuko yake mitatu kwa sababu haikuweza hata kujua hatifungani zile zithaminiwe kwa bei gani. Na Julai 2008, Merrill Lynch ilipotaka kuondoa mzigo ulioandikwa dola bilioni 30.6, ilipata senti 22 kwa kila dola, tena ikamkopesha mnunuzi robo tatu ya bei hiyo. Kwa hiyo filamu imebana matukio ya karibu miaka miwili ndani ya asubuhi moja. Imefanya hivyo kwa ajili ya msisimko, na sioni ubaya, mradi mtazamaji ajue.

Swali la tatu, la wizi. Hapa nitakujibu kwa namna mbili, kwa sababu sheria na dhamiri hazikukaa pamoja.

Kisheria, Marekani kama kwingine, soko la mafundi kwa mafundi lina masharti tofauti na duka. Anayenunua hatifungani za mamilioni kwa simu anahesabiwa kuwa anajua anachokifanya. Muuzaji halazimiki kumwambia "nadhani bei itashuka kesho". Maoni yake ni siri yake. Asichoruhusiwa ni kudanganya kuhusu kilichomo ndani ya kifurushi. Mpaka huo ndio uliozipeleka benki halisi matatani. Julai 2010 Goldman Sachs ilikubali kulipa dola milioni 550 kwa sababu nyaraka za kifurushi kimoja hazikuwaambia wanunuzi kwamba mfuko uliokuwa ukitarajia kifurushi hicho kianguke ulishiriki kuchagua kilichowekwa ndani. JPMorgan ilikubali dola bilioni 13 mwaka 2013, na Bank of America dola bilioni 16.65 mwaka 2014. Sehemu kubwa ya mashauri hayo ilihusu ubora wa mikopo kuelezwa tofauti na ulivyokuwa. Kufungwa, yupo aliyefungwa: meneja mmoja wa zamani wa Credit Suisse alipewa miezi 30 mwaka 2013 kwa kuficha hasara za hatifungani za nyumba. Ila kwa wakuu wa benki kubwa za Wall Street, uko sahihi, hakuna aliyekwenda jela kwa mambo haya.

Kwa dhamiri, nakubaliana nawe. Wale walionunua asubuhi ile walikuwa wateja wao wa miaka, waliopokea simu kwa kuwa wanaifahamu sauti. Kila muuzaji aliahidiwa zaidi ya dola milioni moja akifikisha asilimia 93 ya mzigo wake, na anayeahidiwa hivyo anajua kabisa kwamba baada ya leo hakuna atakayenunua kwake tena. Nikiambiwa ilikuwa halali, nitakubali. Nikiambiwa ilikuwa sawa, sitakubali. Na nyuma ya zile hatifungani kulikuwa na familia zilizotolewa ndani ya nyumba zao, ambazo filamu imezigusa kwa maneno machache tu.

Tuje kwako sasa. Benki yako ya biashara inaishi hasa kwa amana za watu wengi kama wewe, si kwa mkopeshaji mmoja wa usiku. Hapa Tanzania inatakiwa kuwa na mtaji wote usiopungua asilimia 14.5 ya mali zilizopimwa kwa uzito wa hatari zake, na Kenya kiwango ni hichohicho. Hiyo haimaanishi benki haziwezi kuanguka. Januari 2018 Benki Kuu ya Tanzania ilizifunga benki ndogo tano kwa wakati mmoja kwa kukosa mtaji wa kutosha. Kenya, Chase Bank iliwekwa chini ya mrasimu, yaani msimamizi wa muda, Aprili 2016, baada ya hesabu zilizorekebishwa kuonyesha mikopo ya watu wa ndani kuwa mikubwa kuliko ilivyotangazwa awali, na wateja wakakimbilia kutoa fedha. Kwetu benki huumwa zaidi na mikopo isiyolipika na ya kupeana wenyewe kwa wenyewe kuliko na vifurushi vya kihisabati.

Ulinzi wako ni Bodi ya Bima ya Amana. Benki ikifungwa, kila mwenye amana analipwa hadi shilingi 7,500,000 kwa kila benki. Kinachozidi unasubiri mali za benki ziuzwe na madeni yalipwe kwa zamu, jambo linaloweza kuchukua miaka. Ukigawa 7,000,000 hapa na 7,000,000 kule kwenye benki tofauti, zote zimekingwa. Ukizigawa kwenye akaunti mbili za benki ileile, zinahesabiwa pamoja. Fedha ya SACCOS haimo kwenye bima hiyo. Benki hutangaza hesabu zake kila robo mwaka magazetini na matawini, karatasi moja tu. Tafuta mstari wa mikopo chechefu, yaani isiyolipwa ipasavyo, kwa mikopo yote: chini ya asilimia 5 ndicho kiwango ambacho Benki Kuu inakitaka, ukiona umevuka 10 na unapanda robo baada ya robo, hapo hamisha kinachozidi kiwango cha bima, kwa utulivu.

Vipande ni habari nyingine. Mali za mfuko zinatunzwa na benki mtunzaji, mbali na mali za kampuni inayouendesha, kwa hiyo kampuni ikianguka mali za mfuko hazichukuliwi na wadai wake. Lakini bima ya amana haigusi vipande, na bei ya kipande inaweza kushuka. Kama mfuko wako ni wa hatifungani, riba za hatifungani mpya zikipanda, za zamani hushuka thamani. Hiyo ni kawaida, na anayeweza kukaa miaka hurudishiwa polepole kwa riba inayoingia. Fungua waraka wa mfuko na utafute mambo mawili: kama mfuko unaruhusiwa kukopa na kwa kiwango gani, na inachukua siku ngapi kulipwa ukiuza vipande. Fedha ya matibabu au ada ya wajukuu ya miezi sita ijayo isikae kwenye mfuko wenye hisa.

Na ile simu. Kijana akiweka dola 100 kwa dalali anayempa nguvu ya 1 kwa 500, anashika biashara ya dola 50,000. Bei ikimwendea kinyume kwa asilimia 0.2, zile 100 zimekwisha. Euro dhidi ya dola husogea zaidi ya hapo karibu kila siku ya kazi, bila habari yoyote ya ajabu. Ujumbe uliouona ni dalali akimwambia aongeze fedha au afunge. Asipofanya hivyo, programu humfungia yenyewe kwa bei iliyopo, na mara nyingi bei hugeuka baadaye na kumwacha akilia kwamba alikuwa sahihi. Huenda kweli alikuwa sahihi. Lehman ilikuwa na nguvu ya thelathini. Yeye ana mia tano.

Usimgombeze. Kaa naye, mwombe akuonyeshe mambo matatu kwenye akaunti: kiwango cha nguvu aliyochagua, jumla aliyoweka tangu aanze, na jumla aliyotoa. Mshauri asiongeze senti kufuata ujumbe ule. Afunge biashara iliyopo na akubali hasara ingali ndogo. Kisha mkaulize Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana kama kampuni hiyo ina leseni yoyote nchini. Kama fedha ilitoka kwenye mikopo ya programu za simu, au kama ameuza kitu cha nyumbani, hilo limeshavuka uwezo wa jibu la maandishi. Nendeni wote wawili kwa mshauri mwenye leseni au ofisa mikopo mnayemwamini, mkiwa na orodha ya kila deni, riba yake na tarehe yake ya mwisho, muanze na lile lenye riba kubwa.

Wewe mwenyewe nenda tawini ana kwa ana ukiona muamala usioutambua, ukicheleweshewa fedha yako bila sababu ya maandishi, au mtu akikushawishi uuze vipande uhamie kitu chenye faida "ya uhakika". Chukua kitambulisho, taarifa ya akaunti ya miezi mitatu na waraka wa mfuko. Lalamiko liwe kwa maandishi, na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Benki isipokujibu kwa kuridhisha, nakala hiyo ndiyo utakayoipeleka dawati la malalamiko la Benki Kuu.